Je, msailiwa huhukumiwa kabla hajajibu swali la kwanza?

Bado Natafuta (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kufikiri juu ya jambo ambalo limeninyima usingizi. Katika mwaka mmoja nimeitwa kwenye usaili mara tatu kwa nafasi za uhasibu. Mara zote nilivuka mchujo wa maandishi, nikaingia kwenye usaili wa ana kwa ana, kisha nikaachwa. Mara mbili za mwanzo sikuambiwa sababu. Mara ya tatu niliandika barua pepe kuomba maoni, na mjumbe mmoja wa jopo, ambaye namshukuru kwa uungwana wake, alinijibu kwamba majibu yangu mengi yalikuwa sahihi, ila sikuonekana kujiamini tangu nilipoingia mlangoni, nilikuwa nikiitazama meza badala ya watu, na mikono yangu haikutulia.

Kinachonishangaza ni kwamba kabla ya usaili huo wa tatu nilikuwa nimelipia mafunzo ya siku moja kuhusu lugha ya mwili. Mkufunzi alitueleza kwamba katika mawasiliano maneno yana uzito wa asilimia 7 tu, sauti asilimia 38 na mwili asilimia 55, kwa hiyo tusihangaike sana na majibu. Alituambia pia kwamba anayekunja mikono kifuani anaficha jambo, anayegusa pua anadanganya, na anayekwepa macho haaminiki. Kwamba tumwige msaili kila anavyokaa. Na kwamba dakika mbili kabla ya kuitwa tujifungie chooni, tusimame tumetanua miguu na kushika kiuno, ili mwili uzalishe homoni za kujiamini. Niliyafanya yote. Nilipoketi mbele ya jopo nilijikuta nikihesabu sekunde za kumtazama mwenyekiti, nikiuondoa mkono usikaribie pua, nikimchungulia mjumbe wa kushoto amekaaje ili nami nikae vivyo hivyo. Swali la pili lilikuwa la kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, kazi niliyoifanya kwa miaka 4, nalo likanipita hadi nikaomba lirudiwe.

Maswali yangu ni haya. Asilimia hizo zimetoka wapi, na je, ni za kweli? Je, jopo huwa limekwisha kuamua kabla msailiwa hajafungua kinywa, kiasi kwamba yanayofuata ni kukamilisha ratiba tu? Na kwa mtu kama mimi, ambaye nililelewa kutomkodolea macho aliyenizidi umri, nifanye nini na macho na mikono yangu bila kugeuka mwigizaji?

Nafundisha Saikolojia

Ndugu mleta mada, pole kwa yaliyokupata. Nianze na zile asilimia, kwa sababu ndizo zilizokupotosha zaidi, na kusema kweli zimewapotosha hata wakufunzi wengi.

Chanzo chake ni majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 1967 na mwanasaikolojia Albert Mehrabian pamoja na wenzake nchini Marekani. Katika jaribio moja, watu walisikilizishwa neno moja moja lililorekodiwa, na sauti ya msemaji mara ilikubaliana na maana ya neno hilo, mara ilipingana nayo. Katika jaribio la pili walisikia neno lenye maana ya "labda" likitamkwa kwa sauti za namna tatu, huku wakionyeshwa picha za uso wenye kupenda, uso wa kawaida na uso wenye kuchukia. Walitakiwa kukisia hisia za msemaji, basi. Hesabu ya 7, 38 na 55 ilipatikana kwa kuyaunganisha matokeo ya majaribio hayo mawili, na inahusu jambo finyu sana, nalo ni kile ambacho msikilizaji hukiamini pale mtu anapoeleza kupenda au kuchukia kwake, na neno lake likapingana na sauti au uso wake. Mehrabian mwenyewe alieleza baadaye kwamba hesabu hiyo haihusu mazungumzo mengine. Hebu jaribu kumweleza mwenzako, kwa uso na mikono pekee, jinsi ulivyogundua kwamba hundi moja imeandikwa mara mbili kwenye daftari, uone kama ataelewa hiyo asilimia 55.

Hata hivyo, kuhusu swali lako la pili, ni kweli kwamba watu huhukumu haraka. Mwaka 2006 watafiti Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwaonyesha watu picha za nyuso wasizozijua, nyingine kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu, wakawauliza iwapo mtu huyo anaaminika, ana uwezo, anapendeka na kadhalika. Majibu yao yalilingana kwa kiasi kikubwa na ya watu waliotazama picha hizo bila kuwekewa muda. Muda ulipoongezwa hadi sekunde nzima, hukumu hazikubadilika sana; kilichoongezeka ni uhakika wa aliyehukumu. Nakuomba uitofautishe kasi na usahihi. Utafiti huo ulionyesha kwamba watu hukubaliana upesi kuhusu uso fulani, haukuonyesha kwamba mwenye uso huo ndivyo alivyo.

Kisha hukumu hiyo ya kwanza huyatia rangi yanayofuata. Mwaka 1946 Solomon Asch aliwasomea watu sifa sita za mtu wa kubuni, akianza na akili na bidii na kumalizia na ukaidi na husuda; kundi jingine likasomewa sifa zile zile kwa mpangilio uliogeuzwa. Waliotangulia kusikia akili na bidii walimwona mtu mwenye uwezo na kasoro zake ndogo ndogo, ilhali waliotangulia kusikia husuda walimwona mtu mwenye matatizo ambaye hata akili yake inazuiwa na kasoro hizo. Maneno yalikuwa yale yale. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba jopo halimalizi kuamua mlangoni, lakini ukiingia vibaya, jibu lako zuri la dakika ya kumi litasikika kama bahati, na ukiingia vizuri, kosa lako la dakika ya kumi litasikika kama kuteleza kwa ulimi.

Kuhusu pua, mikono iliyokunjwa na macho yanayokwepa, tupilia mbali. Hakuna ishara moja ya mwili inayomfichua mwongo kwa uhakika. Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 200 mwaka 2006 wakakuta kwamba watu wanapojaribu kutofautisha ukweli na uongo bila msaada wowote hupatia kwa wastani asilimia 54, wakati mwenye kurusha sarafu hupata 50. Mtu hukunja mikono kwa sababu ya baridi, kwa mazoea, au kwa sababu kiti hakina mahali pa kuiweka. Tatizo ni kwamba wasaili wengi nao wamehudhuria mafunzo kama uliyohudhuria wewe, kwa hiyo wanaweza kukisoma kisichokuwepo.

Nako kusimama chooni umeshika kiuno kuna historia yake. Dai hilo lilitokana na utafiti wa mwaka 2010 uliofanywa kwa watu 42, ukadai kwamba mkao wa kujitanua hubadilisha homoni. Mwaka 2015 kundi jingine la watafiti lilirudia jaribio kwa watu 200 na halikuona badiliko la homoni wala la mwenendo. Washiriki walisema tu kwamba wanajisikia wenye nguvu zaidi. Mwaka 2016 Dana Carney, aliyekuwa mwandishi wa kwanza wa utafiti wa awali, alitangaza hadharani kwamba haamini tena kuwa athari hiyo ipo. Ukipenda kunyoosha mgongo kabla ya kuingia, nyoosha, ila usiutegemee.

Jambo la mwisho kwa leo, na hili ningependa ulishike. Mwenye woga hudhani kwamba woga wake unaonekana zaidi ya unavyoonekana. Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walilionyesha hilo mwaka 2003 kwa watu waliotakiwa kuhutubia. Wahutubiaji walijiona wana wasiwasi mkubwa kuliko hadhira ilivyowaona, na wale waliodokezwa mapema kwamba wasiwasi wao hauonekani kama wanavyodhani walihutubia vizuri zaidi. Moyo wako unavyodunda unausikia wewe, wao hawausikii.

Upande wa Pili wa Meza

Mwalimu ameeleza vizuri, nami nitaongeza yanayotokea upande wetu, kwa kuwa nimekaa kwenye majopo ya usaili kama ofisa rasilimali watu kwa zaidi ya miaka 10.

Nikiri kwanza. Aliwahi kuingia msailiwa mmoja akiburuta kiti, sauti yake ikiwa chini hadi mjumbe wa mwisho akamwomba aongeze, na jasho likimtoka usoni. Kabla hajamaliza kujitambulisha nilikuwa nimekwisha kumwandikia 2 kati ya 5 kwenye kisanduku cha mawasiliano. Kufika swali la tatu ilikuwa wazi kwamba katika wote tuliowasaili siku hiyo, ni yeye pekee aliyeijua kazi kwa undani. Niliifuta alama yangu. Mwenzangu mmoja alikataa kuifuta ya kwake, akasema "nyota njema huonekana asubuhi". Tulibishana nusu saa. Tangu hapo tulibadilisha utaratibu: kila msailiwa huulizwa maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, kila jibu hupewa alama palepale kabla ya swali linalofuata, kisanduku cha mwonekano kiliondolewa kwenye fomu, na hakuna mjumbe anayesema maoni yake hadi wote wawe wamejaza. Baadaye nilipata kusoma kwamba uchambuzi wa Paul Sackett na wenzake wa mwaka 2022 unauunga mkono mtindo huo. Katika kipimo ambacho 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kuhusiana kikamilifu, usaili wenye mpangilio ulihusiana na utendaji wa kazi kwa 0.42, na ule wa mazungumzo ya kujiendea kwa 0.19. Kadiri jopo linavyozungumza ovyo ovyo, ndivyo mlango unavyofunguka kwa taswira ya kwanza kufanya kazi isiyo yake.

Sasa nikujibu wewe mwenyewe. Maneno kwamba "hakuonekana kujiamini" sisi wasaili huyatumia kufunika mambo mengi tusiyoweza kuyataja vizuri. Mara nyingi maana yake ni kwamba jibu lilikuja polepole, au sauti ilishuka mwisho wa sentensi, au tulilazimika kurudia swali. Ulipoomba swali lirudiwe huku ukiitazama meza, hakuna mjumbe aliyejua kwamba unahesabu sekunde. Walidhani hujui kulinganisha daftari na taarifa ya benki. Kwa maoni yangu, yale mafunzo yalikuponza kuliko macho yako.

Kuhusu macho, zoea hivi: mtazame anayeuliza wakati anauliza, kwa sababu hapo unasikiliza na macho yanakaa yenyewe, ukiwa unafikiri, angalia popote, kila mtu hufanya hivyo, ukianza kujibu, mrudie aliyeuliza, wapitie wengine kadiri jibu linavyoendelea, kisha umalizie kwake. Hakuna haja ya kumkodolea mtu. Ukiona uzito kumtazama mkubwa machoni, tazama kati ya nyusi zake au daraja la pua. Kutoka upande wa pili wa meza tofauti haionekani.

Mikono iweke juu ya meza au mapajani, vidole vimelegea, na uiache ifanye kazi unapoeleza jambo, maana anayeeleza hatua za kazi kwa kawaida huonyesha kwa mikono. Usishike kalamu ya kubonyeza. Nasema hili kwa uchungu, kwa kuwa nimesikiliza mlio huo saa nyingi za maisha yangu. Kiti kirekebishe mara moja tu, mgongo uguse egemeo, miguu yote miwili ikanyage sakafu, na usikunje nne. Kukunja nne hakusemi lolote kuhusu tabia yako, ila mguu ulioning'inia ndio wa kwanza kuanza kutikisika.

Kupeana mkono kuna uzito kidogo. Katika Chuo Kikuu cha Iowa, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwapitisha wanafunzi 98 kwenye usaili wa majaribio, na waliokuwa na mkono wenye kushika vizuri, si wa kulegea, walipendekezwa zaidi kuajiriwa. Lakini subiri mkono utolewe. Kama jopo limeketi mbali au halikunyoosha mkono, salimia kwa sauti inayomfikia wa mwisho, taja jina lako, ngoja uonyeshwe kiti.

Nguvu zako ziweke kwenye swali la kwanza. Karibu kila jopo huanza na "tueleze kidogo kuhusu wewe", na wengi hulijibu kwa kusimulia wasifu wao kuanzia shule ya msingi. Andaa dakika moja na nusu: unafanya kazi gani sasa, jambo moja ulilolikamilisha ambalo linahusiana na nafasi hii, na kwa nini umeomba. Lifanyie mazoezi kwa sauti, mbele ya mtu na si mbele ya kioo, mpaka liweze kutoka hata ukiamshwa usiku. Faida yake ni kwamba sauti hutulia katika jibu unalolijua, na sauti ikitulia, pumzi na mabega hufuata bila kuamriwa.

Nauza na Kuajiri

Naona wenzangu mnapunguza mno uzito wa jambo hili. Mimi naajiri wauzaji na wapokezi. Mteja hana fomu ya alama wala maswali yenye mpangilio. Akikuta mtu amejiinamia na hatabasamu, anaondoka. Kwa kazi kama hizo taswira ya kwanza ndiyo kazi yenyewe, na nisipoitazama kwenye usaili nitaitazama wapi? Nakubali kwamba kwa mhasibu hali ni nyingine, na nimewahi kudanganyika na uzuri wa mkakasi: kijana aliyeingia kama mfalme, akatuchekesha wote, kisha hakuwahi kumpigia mteja simu ya pili. Siku hizi nampa mwombaji dakika 10 amhudumie "mteja" ambaye ni mfanyakazi wetu mwenye hasira. Hapo namwona akifanya, sihitaji kukisia kutokana na jinsi alivyoketi.

Nafundisha Saikolojia

Ndugu yangu Nauza na Kuajiri, una hoja, na kuna utafiti unaokuunga mkono kwa kiasi fulani. Nalini Ambady na Robert Rosenthal waliwaonyesha watu wasiohusika vipande vya video visivyo na sauti, jumla ya sekunde 30, vya walimu wakifundisha chuoni. Alama walizotoa watazamaji hao zilihusiana sana na zile ambazo wanafunzi wa walimu hao walizitoa mwisho wa muhula. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1993, na mara nyingi hutajwa kama ushahidi kwamba mtazamo wa haraka hupatia. Lakini angalia kilichobashiriwa. Ni jinsi walimu walivyopendeza machoni pa wanafunzi wao. Kwa kazi ambayo kupendeza machoni pa watu ni sehemu ya kazi, mtazamo wa haraka una thamani. Kwa kazi ambayo hakuna anayemtazama mtu akiifanya, thamani hiyo hupungua sana. Zoezi lako la mteja mwenye hasira ni bora kuliko mtazamo huo.

Bado Natafuta

Nawashukuru sana, na hasa kwa habari ya zile asilimia, maana nilizilipia. Nina mambo mawili yaliyobaki.

La kwanza, sikulisema mwanzoni kwa sababu nilihofia kuonekana natafuta kisingizio. Katika usaili ule wa tatu mwenyekiti alikuwa akisoma simu yake nilipokuwa najitambulisha, na mjumbe mwingine aliegemea nyuma na kutazama saa ya ukutani mara kwa mara. Nilihisi maneno yanaisha mdomoni. Je, hilo nalo lina maana yoyote, au ni mimi tu nisiye na moyo mgumu?

La pili, nimeitwa kwenye usaili mwingine wiki ijayo, na huu utafanyika kwa video. Je, mambo haya yote yanabadilika?

Nafundisha Saikolojia

Hilo la kwanza si kisingizio hata kidogo, na nashangaa kwamba mafunzo ya lugha ya mwili karibu yote humfundisha msailiwa na kumwacha msaili.

Mwaka 1974 Carl Word, Mark Zanna na Joel Cooper wa Princeton walichapisha majaribio mawili yanayofuatana. Katika la kwanza, vijana weupe waliwasaili waombaji weupe na weusi ambao walikuwa wamefunzwa kujiendesha kwa namna moja. Wasaili walipokuwa na mwombaji mweusi waliketi mbali zaidi, walijikwaa zaidi katika kusema, na usaili ulikwisha mapema kwa takriban robo ya muda. Wangeishia hapo, tungejifunza kuhusu ubaguzi pekee. Wao waliendelea. Katika jaribio la pili wasaili walifundishwa kumtendea mwombaji kwa namna hizo mbili, ya ukaribu na ya umbali, na waombaji wote safari hii walikuwa weupe. Waliosailiwa kwa mtindo wa umbali ndio ambao waamuzi, wakitazama video za waombaji pekee, waliwaona wana wasiwasi zaidi na wamejibu vibaya zaidi. Waombaji hao nao waliketi mbali, wakajikwaa katika kusema.

Kwa hiyo kile ambacho jopo lako liliandika kwamba ni udhaifu wako huenda sehemu yake ilikuwa kivuli chao wenyewe kilichorudi kwao kupitia kwako. Huwezi kumnyang'anya mwenyekiti simu. Unachoweza ni kulitambua jambo hilo linapotokea, ukajua kwamba ubaridi unaouhisi haujatoka kwenye majibu yako, kisha ukamtafuta mjumbe mmoja anayekusikiliza, kwani kwa kawaida yupo, ukaanza kumweleza yeye. Mazungumzo yakishashika moto na mtu mmoja, wengine huinua vichwa.

Upande wa Pili wa Meza

Nimeisoma habari hiyo ya 1974 nikakumbuka ni mara ngapi nimejaza fomu ya msailiwa wa kwanza wakati wa pili ameshaanza kujitambulisha.

Kuhusu video, mambo yanabadilika katika sehemu chache, lakini hizo chache ni muhimu. Kwenye video hakuna kutazamana kwa kweli: ukimtazama msaili kwenye kioo, yeye anakuona umeshusha macho, ukiitazama kamera, anaona unamtazama, ilhali wewe huoni uso wake. Isogeze picha yake juu, karibu kabisa na kamera, na uinue kompyuta kwa vitabu mpaka kamera iwe usawa wa macho yako. Ukilifanya hilo, umemaliza nusu ya tatizo la macho bila kujifunza chochote. Ficha picha yako mwenyewe, kwa sababu hakuna awezaye kujitazama akizungumza bila kuanza kujirekebisha. Mwanga uwe mbele yako. Kaa mbali kidogo ili mabega na mikono vionekane, kwani kichwa kikiwa peke yake jopo linakosa nusu ya unachoeleza. Sauti huchelewa kidogo njiani, hivyo ngoja sekunde moja baada ya swali kabla ya kujibu. Nanyi mkigongana kusema, mwachie msaili.

Kama ni ule usaili wa kujirekodi ukijibu maswali yaliyoandikwa, wengine huogopa kwamba mashine inasoma nyuso zao. Kampuni ya HireVue, iliyojulikana sana kwa teknolojia hiyo, ilitangaza mwaka 2021 kwamba imeacha kuchambua nyuso. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2025 ni marufuku kutumia akili bandia kukisia hisia za watu mahali pa kazi, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Mifumo mingi bado huchambua maneno unayosema, kwa hiyo tunarudi kule kule kwenye majibu.

Kabla ya siku hiyo, jirekodi kwa simu ukijibu maswali 8 au 10 ambayo mtu mwingine anakuuliza. Itazame mara moja bila sauti, kisha uisikilize mara moja bila picha. Usiitazame mara ya tatu, utaanza kuchukia pua yako.

Bado Natafuta

Nimefanya zoezi la kurekodi jana jioni, shemeji yangu akiwa ndiye jopo. Nilidhani nitaona mikono inayohangaika tangu mwanzo hadi mwisho, kwa jinsi nilivyoandikiwa. Nilipoitazama bila sauti, mikono ilikuwa imetulia karibu muda wote, na kwenye swali la daftari na taarifa ya benki ilikuwa ikichora safu hewani kana kwamba daftari liko mbele yangu. Ilihangaika kwenye maswali mawili tu: lile la kwa nini niliacha kazi ya mwanzo, na lile la kosa kubwa nililowahi kulifanya kazini. Niliposikiliza bila picha, ni hayo hayo mawili ambapo sauti ilishuka, na ni hayo hayo mawili ambayo sikuwa nimeyaandalia jibu. Nina siku 5 za kuyaandaa.